Mchezo Ukiisha Uwanjani, Nyumbani Mtasema Nini?



Yako mambo ambayo mume na mke huyazungumza bila taabu: karo, shamba, wakwe, hata magonjwa. Na liko jambo moja ambalo nyumba nyingi hulizunguka kama mtu anavyozunguka shimo gizani. Ni jambo la msichana kudhulumiwa kimwili na mtu anayemjua: jamaa, jirani, mpangaji, mwalimu, pengine hata baba yake mwenyewe. Tunawaomba mlisome jambo hili pamoja, ninyi wawili, tena polepole.

Tutaliingia kwa mlango ambao huenda hamkuutarajia, nao ni mlango wa mchezo wa kuigiza. Kwa miaka mingi sasa vikundi vya kuigiza vya vijijini na mitaani vimekuwa vikifanya kazi ambayo sisi wazazi tumeshindwa kuifanya. Vinasema hadharani yale ambayo nyumbani hayasemwi. Yafaa tujiulize wanatufundisha nini, na wanatuachia kazi gani tunaporudi nyumbani.

DUARA UWANJANI

Mchezo wa namna hii kwa kawaida huwa hivi. Siku ya soko, au Jumapili baada ya Misa, kikundi cha vijana na akina mama hupiga ngoma mpaka watu wakakusanyika. Hakuna jukwaa wala pazia. Watu hufanya duara, na katikati huwekwa kiti, mkeka na birika la chai. Mwanzoni watu hucheka: baba anajifanya mkali, mama anamtania, watoto wanagombania mandazi. Kisha anaingia mjomba. Kila mtu anampenda mjomba, kwa kuwa ndiye anayelipa karo. Msichana wa miaka 12 anatumwa ampelekee mjomba chai chumbani. Anasitasita. Mama anamkaripia kwamba siku hizi hana adabu. Msichana anakwenda. Baada ya hapo anaacha kucheza na wenzake, anaanguka mitihani, anaanza tena kukojoa kitandani. Usiku mmoja anamwambia mama yake nusu ya neno. Mama anajiziba mdomo, anamtazama baba. Baba anainamisha kichwa.

Hapo mchezo husimamishwa ghafula. Waigizaji hubaki walivyo, kama sanamu. Kiongozi wa kikundi huwageukia watazamaji na kuwauliza: "Wazee wetu, mama huyu afanye nini sasa? Nani ataingia hapa katikati, ashike nafasi yake, atuonyeshe?"

Mara nyingi huwa kimya kwanza. Halafu mtu husimama. Pengine ni nyanya mwenye mvi, pengine ni kijana wa bodaboda. Huingia duarani, huchukua leso ya mwigizaji, na kujaribu. Akisema, "Nyamaza, mwanangu, tumwachie Mungu," waigizaji huendelea na mchezo kutoka hapo, na watu wote huona kwa macho yao mahali maneno hayo yanapompeleka yule mtoto. Mwingine huingia, naye hujaribu njia nyingine. Hakuna anayehubiriwa. Ni kijiji chenyewe kinachojipima.

Njia hii ilifundishwa tangu miaka ya 1970 na Augusto Boal, mwanamchezo wa Brazil aliyeishi kutoka mwaka 1931 hadi 2009. Nia yake ilikuwa mtazamaji asikae tu kutazama, bali aingie na kutenda. Hapa Kenya vikundi vya vijana viliipokea njia hiyo, na katika miaka ya 2000 viliitumia sana kufundisha juu ya Ukimwi. Vilirudi mara kwa mara mahali pale pale, kwa watu wale wale, ili mazungumzo yasife mchezo unapokwisha.

Kwa jirani zetu Watanzania, mwaka 1996, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Penina Mlama, walianzisha mpango ulioitwa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe walichunguza yanayowasumbua, wakayatengenezea michezo, ngoma na nyimbo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha wote wakajadiliana hatua za kuchukua. Miongoni mwa mambo yaliyotokea ni kusumbuliwa na wanaume na kupewa mimba. Baadaye shirika la FAWE, lenye makao yake Nairobi, lilisaidia kuueneza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Tazameni jina walilochagua: Tuseme. Maana yake ni kwamba hapo awali walikuwa hawasemi, na si kwa kukosa la kusema.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuambiwa kwamba mchezo una nguvu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walicheza kwa Kikikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, uitwao Ngaahika Ndeenda. Ndani yake alikuwamo msichana wa watu maskini aliyepewa mimba na mwana wa tajiri, kisha akakataliwa. Serikali iliuzuia mchezo ule mwaka huo huo, na mwaka 1982 uwanja wao wa maonyesho ukabomolewa. Mwenye nguvu huogopa mchezo kwa sababu watu wengi huona pamoja kitu ambacho kila mmoja alikuwa akikijua peke yake. Na katika nyumba zetu, mwenye nguvu ni nani? Mara nyingi ni yule yule anayelipa karo.

NATHANI ALIMWAMBIA MFALME HADITHI

Msidhani jambo hili ni geni kwa Maandiko Matakatifu. Fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Jumba zima la kifalme linajua, wala hakuna anayethubutu kusema. Mungu anamtuma nabii Nathani. Nathani haanzi kwa kumnyoshea mfalme kidole. Anamsimulia juu ya tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu, ambaye maskini alimlea kifuani pake kama binti yake. Daudi anawaka hasira na kumhukumu tajiri yule. Ndipo Nathani anapomwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Hivyo ndivyo mchezo wa uwanjani unavyofanya kazi. Unakuruhusu umkasirikie mjomba wa mchezo, mama wa mchezo, baba wa mchezo aliyeinamisha kichwa. Unatoa hukumu yako kwa moyo mweupe, maana hujijui kuwa umo ndani. Kisha unarudi nyumbani, na njiani unasikia sauti ya Nathani.

Lakini geuzeni ukurasa mmoja tu, mfike sura ya 13. Hapo ni Daudi yule yule. Mwanawe wa kwanza, Amnoni, anamtamani Tamari, binti wa Daudi. Kwa shauri la jamaa mmoja mjanja, Amnoni anajifanya mgonjwa na kumwomba baba yake amtume Tamari aje ampikie. Baba anamtuma binti yake bila kujua. Tamari anakataa kwa maneno ya busara, anamwambia kaka yake kwamba jambo kama hilo halifanywi katika Israeli. Amnoni anamtenda kwa nguvu, kisha anamfukuza na kuagiza mlango ufungwe.

Angalieni sasa kila mmoja alifanya nini. Tamari hakunyamaza. Alirarua kanzu yake, akatia majivu kichwani, akaenda njiani akilia kwa sauti. Alisema kwa ishara ambazo kila mtu wa nchi ile alizielewa. Absalomu, kaka yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze, maana yule ni ndugu yake. Daudi, baba yao, alisikia yote, akakasirika sana, wala hakufanya neno lolote. Mfalme aliyekuwa na hasira kwa ajili ya mwana-kondoo wa hadithi hakuwa na la kusema kwa ajili ya binti yake wa damu.

Na ukimya ule haukuleta amani. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni karamuni, na baadaye akamwasi baba yake mwenyewe. Nyumba ya mfalme ilibomoka. Tamari alikaa nyumbani kwa Absalomu katika ukiwa, na Maandiko hayatuambii neno jingine juu yake, ila kwamba Absalomu alipopata binti alimwita Tamari.

Wapendwa, hasira ya mzazi si kinga ya mtoto. Daudi alikasirika. Wazazi karibu wote hukasirika. Mtoto haponyi kwa hasira ya baba. Huponya kwa kile baba anachofanya kesho yake asubuhi.

UKIMYA WA BABA NA UKIMYA WA MAMA

Katika utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2010, wasichana wa umri wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa juu ya utoto wao. Karibu 32 kati ya kila 100 walisema walidhulumiwa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana walikuwa karibu 18 kati ya 100. Utafiti uliporudiwa mwaka 2019, idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu 16 kwa wasichana na 6 kwa wavulana. Tunamshukuru Mungu kwa kushuka huko. Lakini katika kanisa lenye wasichana 100 wa umri ule, bado ni 16. Ni binti za nani, kama si zetu? Nao wavulana wasisahauliwe, maana wao hunyamaza zaidi.

Wewe baba, ukimya wako twaujua. Aliyetenda ni ndugu yako, au ni mzee anayeheshimiwa katika ukoo. Unasema, "Nitamfungaje ndugu yangu? Watu watasemaje?" Wazee wanakuja jioni na maneno matamu. Wanataja mbuzi, wanataja fedha, wanataja jina la ukoo. Kila kitu kinahesabiwa katika kikao kile isipokuwa mtoto, ambaye yuko jikoni akiwachemshia chai. Elewa basi kwamba fedha ile si fidia, ni bei. Na kilichouzwa ni binti yako.

Wewe mama, ukimya wako nao twaujua, na mara nyingi ni mzito zaidi. Unaogopa njaa. Unaogopa kuambiwa umevunja nyumba. Pengine ulitendewa hivyo hivyo ulipokuwa mdogo, na mama yako alikuambia unyamaze, nawe ukaishi. Ndiyo maana unadhani binti yako naye ataishi. Lakini jiulize: uliishije? Ulilala usingizi gani miaka ile yote?

Na kama aliyetenda ni mume wako? Wako akina mama Wakatoliki wanaoamini kwamba sakramenti ya ndoa inawalazimu wakae na kuvumilia. Sivyo. Kifungo cha ndoa hakivunjwi na mwanadamu, lakini Kanisa halikumwagiza mke yeyote amweke mtoto wake karibu na anayemwangamiza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, yasema wazi kwamba mwana ndoa anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili humpa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Kwa idhini ya Askofu, na kama kukawia ni hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Kumwokoa mtoto si kuvunja ndoa. Aliyeivunja ni yule aliyekwenda usiku chumbani kwa mtoto.

NI NANI ALIYENAJISIKA?

Lugha yetu yenyewe imetuponza. Mtoto akitendewa uovu huu twasema "amenajisiwa," "ameharibiwa," "amechezewa." Maneno hayo yote yanamwangukia yeye, kana kwamba uchafu umemganda. Kwa hiyo tunamficha kama nguo yenye doa, tunampeleka kwa shangazi mbali, tunaharakisha kumwoza.

Bwana wetu alifundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi ni kile kinachotoka moyoni mwake mwenyewe. Basi nini kilichotoka katika moyo wa mtoto yule? Hofu na machozi tu. Aliyenajisika ni aliyetenda, na anayemfunika hujipaka uchafu ule ule. Mwambieni binti yenu maneno haya kwa vinywa vyenu wawili: "Si kosa lako. Tunakuamini. Umefanya vyema kutuambia." Mtoto aliyeyasikia maneno haya siku ya kwanza ameanza kupona tayari.

Huenda mtu akauliza: "Na kama mtoto anasema uongo?" Maandiko yametujibu katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili wenye cheo walimsingizia Susana, na watu wakawaamini kwa sababu ya mvi zao. Danieli hakuanza kubishana. Aliwatenganisha wazee wale, akawauliza kila mmoja peke yake, na uongo wao ukaonekana. Uchunguzi wa haki humlinda asiye na hatia, awe mdogo au mkubwa. Kazi yenu wazazi si kuwa mahakimu. Kazi yenu ni kumsikiliza mtoto, kumweka mahali salama, na kulifikisha jambo kwa wanaojua kuchunguza.

MSAMAHA SI KUFUTA KESI

Wengine husema, "Sisi ni Wakristo, tumsamehe." Msamaha ni wa aliyeumizwa, wala hakuna mzee, padre wala mzazi anayeweza kuutoa kwa niaba yake, wala kumharakisha. Na hata ukitolewa, hauondoi hitaji la haki na la kuwalinda watoto wengine. Bwana Yesu, aliyesamehe akiwa msalabani, ndiye aliyesema habari za jiwe la kusagia shingoni mwa anayewakwaza wadogo.

Jueni pia kwamba kumwambia padre katika kitubio si kupiga ripoti. Padre amefungwa na siri ya kitubio, hawezi kulipeleka neno lolote popote. Mkitaka msaada wake, mwombeni mzungumze nje ya kitubio. Na kama anayeshukiwa ni mtu wa Kanisa, msimfunike kwa sababu ya kanzu yake. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliweka sheria inayowalazimu mapadre na watawa kutoa habari kwa wakuu wa Kanisa wanapojua dhuluma ya namna hii. Kanisa lenyewe limejifunza kwa machozi gharama ya kunyamaza.

Serikali nayo ina sheria. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Baba, babu, kaka au mjomba anayemtenda hivyo msichana asiyetimiza miaka 18 anaweza pia kufungwa maisha. Tena sheria haimwachii mzazi wala mzee wa ukoo uamuzi wa kuikatiza kesi. Na kama polisi watazembea? Wasichana kadhaa walipeleka malalamiko ya aina hiyo katika Mahakama Kuu ya Meru, na tarehe 27 Mei 2013 mahakama iliamua kwamba polisi kutochunguza kesi zao ipasavyo kulivunja haki zao. Walikuwa watoto, lakini walisema, na nchi nzima ikasikia.

PATANENI KABLA YA SIKU HIYO

Mama wa mchezo alijiziba mdomo kwa sababu yeye na mumewe hawakuwahi kulizungumza jambo hili kabla halijawafika. Siku ya msiba si siku ya kuanza kutafuta maneno. Kwa hiyo pataneni leo, wakati nyumba imetulia, juu ya mambo haya:

Kwanza, kwamba mtoto huja mbele ya jina la ukoo, uwe ukoo wa mume au wa mke. Siku ya harusi yenu mliulizwa mbele ya altare kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo. Hamkuulizwa juu ya heshima ya mjomba.

Pili, kwamba hamtamlazimisha mtoto kumkumbatia mtu, kumkalia mapajani wala kumpelekea chai chumbani, akiwa hataki. Kukataa kwake si utovu wa adabu. Huenda ndilo neno la kwanza anajaribu kuwaambia.

Tatu, kwamba mtamfundisha mtoto majina ya viungo vya mwili wake, na kwamba siri yoyote anayoambiwa asimwambie mama wala baba ni siri mbaya.

Nne, kwamba likitokea, hamtamwosha mtoto wala kufua nguo zake. Mtampeleka hospitali siku ile ile, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haina budi kuanza kabla saa 72 hazijapita. Nguo mtazifunga kwa gazeti au mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kisha mtakwenda polisi, mkachukue fomu ya P3. Na kama saa 72 zimeshapita, au hata miaka, nendeni vile vile.

Tano, kwamba mnaijua nambari 116, ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo kutoka popote nchini. Watoto wenyewe waijue.

KWA JUMUIYA NA VIKUNDI

Kama Jumuiya yenu Ndogo Ndogo ya Kikristo au vijana wa parokia wanataka kutengeneza mchezo kama huu, wasaidieni, lakini kwa uangalifu. Kisa kitungwe, kisichukuliwe cha nyumba yoyote inayojulikana hapo. Aliyeumizwa asiigize mateso yake mwenyewe mbele ya watu. Nafasi ya msichana ichukuliwe na mtu mzima, wala kitendo chenyewe kisionyeshwe kamwe. Mlango ukifungwa, watu wameelewa. Na kabla ya ngoma kupigwa, hakikisheni yuko mtu aliyefunzwa, atakayekaa pembeni baada ya mchezo. Maana watu wakiondoka, mtoto mmoja atabakia nyuma akizungukazunguka. Ole wetu kama alikuja na neno lake akakuta kila mtu amekwenda kula chakula cha mchana.

Mwisho, wapendwa, kumbukeni kwamba mchezo unaweza kuufungua mdomo wa kijiji, lakini hauwezi kulala nyumbani kwenu. Kuna mahali duara linapokuwa dogo sana: baba, mama na mtoto, na taa moja. Pale hakuna kiongozi wa kusimamisha mchezo na kuwauliza watu nani aingie. Ni ninyi wawili tu mnaoweza kuingia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na maradhi haya yanamwua asiyeyaficha kwa hiari yake.

MASWALI KWA MUME NA MKE

1. Katika nyumba ulimolelewa, ni mambo gani yalikuwa hayasemwi? Je, umeyaleta katika nyumba yetu?

2. Kama binti yetu angetaka kusema neno gumu leo, angemwendea nani? Kwa nini si mimi?

3. Je, yuko mtu wa ukoo wako au wangu ambaye tungeona vigumu kumshitaki? Tukubaliane sasa tutafanya nini.

4. Je, yuko mtoto ambaye nusu ya neno lake tuliwahi kulisikia tukalipita? Tutarudi kwake lini?

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyesikia kilio cha Tamari ambacho baba yake hakukijibu, tufumbue masikio. Tuondolee hofu ya watu na kupenda sifa. Utupe vinywa vya kusema, miguu ya kwenda, na mikono ya kuwashika watoto wetu bila kuwaumiza. Waponye wote walioambiwa wanyamaze. Nasi wana ndoa utuunganishe katika ukweli, ili nyumba yetu iwe mahali ambapo mdogo kabisa anaweza kusema na akaaminiwa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.